Daftari la Jumuiya na Sheria za Zama za Kompyuta

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama siku ya sherehe ya Jumuiya)





Katibu wetu amenipa nusu saa niseme juu ya kompyuta na sheria. Wako waliodhani kuwa nitasimama hapa kuwakemea vijana kwa kukesha na simu mpaka adhana ya alfajiri. Maneno hayo wazazi wao wanayo tele, nami siyaingii leo. Ninalotaka kusema lahusu daftari letu wenyewe, yaani majina yetu, nyumba zetu, watoto wetu na shida zetu, na sheria ambazo nchi zetu zimetunga katika miaka hii michache ili mambo hayo yasiwe mali ya kila mpitaji njia.

Wazee mliopo hapa mnalikumbuka daftari lililokuwa likiwekwa katika sanduku la bati, ufunguo mmoja kwa Katibu na wa pili kwa Mweka Hazina. Ndani yake mliandikwa jina la mwanachama na la baba yake, mtaa wake, ada aliyolipa na ada aliyodaiwa. Na katika kurasa za nyuma, majina ya wajane na mayatima waliokuwa wakipewa msaada. Mtu aliyetaka kujua yaliyomo ilimpasa aje mwenyewe, aombe, afunguliwe, kisha anakili kwa mkono wake. Taabu ile ilikuwa ni ulinzi, ingawa hapana aliyeiita hivyo. Leo daftari lile lile limo katika kompyuta ya ofisi. Nakala yake imo katika simu ya karani. Na nakala nyingine, kama nyote mjuavyo, ilitiwa mwaka jana katika kundi la WhatsApp la Jumuiya ili kila mtu atazame kama ada yake imeandikwa. Kundi lile lina watu zaidi ya mia mbili. Wako waliohamia miji mingine, wako waliokwisha kubadili namba za simu, na namba zao za zamani huenda sasa zi mikononi mwa watu tusiowajua. Kila mmoja wao alipokea, katika dakika moja, jina la kila mjane wetu na namba ya simu yake.

Sisemi haya kumlaumu karani. Alifanya aliloambiwa na wanachama. Lakini nataka tuone jinsi jambo lilivyobadilika bila ya sisi kubadili nia zetu.

Na sasa niwape habari ya Waislamu wengine, ili msidhani kuwa naogopa kivuli.

Iko programu ya simu iitwayo Muslim Pro, iliyotengenezwa na kampuni ya Singapore. Kazi yake ni kuonyesha nyakati za sala na upande wa kibla, na kumsomea mtu adhana wakati ukifika. Wengi wenu mnayo, au mnazo zinazofanana nayo. Mwezi wa Novemba 2020 waandishi wa Motherboard, tawi la jarida la Vice la Marekani, walifichua kuwa programu hiyo ilikuwa ikipeleka habari za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode, na kuwa X-Mode nayo ikiuza habari za namna hiyo kwa wakandarasi, na kwa njia ya wakandarasi zikalifikia jeshi la Marekani. Wakati ule programu ile ilikwisha kupakuliwa mara zaidi ya milioni 90 ulimwenguni. Wenye programu walikanusha kuwa waliliuzia jeshi habari za watu wao, wakatangaza kwamba wamevunja uhusiano wao na X-Mode. Baada ya hapo, mwezi wa Disemba mwaka ule ule, Apple na Google wakawaamuru watengenezaji wote wa programu za simu waondoe kazi ya X-Mode ndani ya programu zao.

Yafaa tufahamu jinsi jambo hili lilivyowezekana, kwa sababu ndilo fundisho lenyewe. Mtengenezaji wa programu hatengenezi kila kitu kwa mkono wake. Huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na kampuni nyingine, akavitia ndani ya kazi yake, kama fundi wa nyumba anavyonunua mlango uliokwisha kuchongwa. X-Mode iliwapa watengenezaji kipande cha namna hiyo, na ikawalipa kwa kadiri ya watu waliokitumia. Kazi ya kipande kile ilikuwa ni kuitazama simu iko wapi, na kupeleka habari hiyo Marekani pamoja na namba ya utambulisho wa simu. Jina la mtu halikutajwa. Lakini fikirini: simu ilalayo kila usiku katika nyumba fulani, ikaenda kila Ijumaa mchana katika msikiti fulani, na siku nyingine ikapita hospitali, je, yahitaji jina? Jirani yeyote atawaambia ni ya nani.

Na hapa nataka kusema neno la elimu ya falaki, kwa kuwa ni jambo tunalolijua sisi kuliko makampuni. Programu ile yamwambia mtu, "Niruhusu nijue ulipo, ili nikupe wakati wa sala." Naam, wakati wa sala wategemea mahali. Jua hupita digrii moja ya longitudo kwa muda wa dakika 4. Baina ya Kampala na Mombasa pana kiasi cha digrii 7, kwa hiyo magharibi ya Mombasa hutangulia ya Kampala kwa muda unaokaribia nusu saa. Hilo ni kubwa, na programu yapaswa kulijua. Lakini baina ya Entebbe na Jinja tofauti ni kama dakika 3 tu, na baina ya mtaa mmoja wa Kampala na mwingine ni sekunde zisizofaa kuhesabiwa. Kibla nacho, kwetu sisi, ni kaskazini, kikipinda kidogo mashariki, wala hakibadiliki mtu akivuka barabara. Basi programu ya sala yahitaji kujua jina la mji wako, na hapo haja yake imekwisha. Ikikutaka uiruhusu kukufuata saa zote, hata ikiwa imefungwa, yataka kitu ambacho sala haikihitaji. Nendeni katika simu zenu jioni hii, mfungue mahali pa ruhusa, mwondoe ile ya kufuatwa, kisha mwandike "Kampala" au "Mbale" au "Arua" kwa mikono yenu. Adhana itawafikia kwa wakati wake.

Sheria ilisema nini? Kwa miaka mitatu na zaidi haikusema jambo kubwa. Mwezi wa Januari 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani ilitangaza amri juu ya X-Mode, ambayo wakati huo ilikwisha kubadili jina na kuitwa Outlogic, ikaizuia kuuza habari za watu kuonekana mahali penye siri zao, na miongoni mwa mahali hapo Tume ilitaja nyumba za ibada. Tume ilisema kuwa ni mara yake ya kwanza kutoa amri ya namna hiyo. Ulaya nao walikwenda mbali zaidi kwa upande mwingine. Sheria yao juu ya akili bandia ilianza tarehe 1 Agosti 2024, na tangu tarehe 2 Februari 2025 yakatazwa huko kutumia mashine zenye kutazama sura ya mtu na mwili wake ili kukisia dini yake au siasa yake. Jambo kama hilo likitungiwa katazo, mjue kuwa palikuwa na waliokusudia kulifanya.

Mtaniambia: hayo ni ya Marekani na Ulaya, na sisi tuko ufukweni mwa Ziwa. Basi na turudi karibu, kwa ndugu zetu wa Kibera.

Wanubi twawajua. Hapa kwetu makao yao mashuhuri ni Bombo, na kule Kenya ni Kibera, katika jiji la Nairobi. Nao ni kizazi cha askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza. Ni Waislamu, na Kiswahili chao mwakisikia kila siku. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi wa Kenya alipofikia umri wa miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, hakupewa kama wenzake. Alipelekwa mbele ya kamati ya kuhojiwa, akatakiwa kuleta karatasi za baba na babu, na huku wenzake wa makabila mengine wakichukua vitambulisho vyao na kwenda zao. Asiye na kitambulisho hawezi kufungua akaunti ya benki, wala kuandikisha laini ya simu, wala kuajiriwa.

Mwaka 2018 Bunge la Kenya lilibadili sheria ya kuandikisha watu, na mwanzoni mwa 2019 ikaanzishwa kazi ya kuwaandikisha wakazi wote katika daftari moja la kompyuta; watu wakaiita Huduma Namba. Sheria ile iliruhusu kuchukuliwa alama za vidole, na vinasaba, na hata alama ya mahali ilipo nyumba ya mtu kwa setilaiti. Nani aliyekwenda mahakamani kuuliza? Chama cha haki za Wanubi, Nubian Rights Forum, pamoja na watetezi wengine wa haki za binadamu. Hoja yao yafaa isikilizwe kwa utulivu. Walisema: sisi tulikuwa nje ya daftari la karatasi, na daftari la karatasi lina dirisha, mtu aweza kuligonga. Mkifunga kila huduma katika daftari moja la kompyuta kabla ya kutuandika sisi, tutakuwa nje ya kila kitu kwa mara moja. Na hao mtakaowaandika, ni sheria gani itakayolinda mliyoyachukua kwao?

Mwezi wa Aprili 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa amri ya muda kuwa mtu asilazimishwe kujiandikisha, wala asinyimwe huduma kwa kutojiandikisha. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakatoa hukumu yao: kuchukua vinasaba na alama ya nyumba kwa setilaiti ni kinyume cha Katiba, na kazi iliyobaki iweza kuendelea kwa sharti kwamba zitungwe kwanza kanuni kamili za kuiongoza. Kesi ilipokuwa ikiendelea, Kenya ikatunga Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi, mwezi wa Novemba 2019. Kisha, katika kesi nyingine, tarehe 14 Oktoba 2021, jaji wa Mahakama Kuu akasema kuwa kutoa kadi za Huduma kabla ya kupima madhara kwa siri za watu, kama sheria hiyo mpya ilivyoagiza, hakukuwa halali. Kazi ile ikafifia, na mfumo uliokuja baada yake, Maisha Namba, nao ukapelekwa mahakamani tangu mwanzo wake.

Ninasimulia kwa urefu kwa sababu moja. Walioenda mahakamani hawakuwa matajiri, wala mafundi wa kompyuta. Walikuwa watu wa mtaa waliojua kwa uchungu maana ya jina kukosekana katika kitabu. Na hawakupata yote waliyoyaomba. Majaji hawakukubali kila hoja yao juu ya kubaguliwa. Lakini kwa kuuliza kwao, watu wote wa Kenya, Waislamu na wasio Waislamu, walipona na vinasaba vyao kuwekwa katika ghala la serikali bila kinga.

Nchi za jirani zimefuatana katika jambo hili. Rwanda ilitunga sheria yake mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Uganda yetu ilitangulia hata Kenya kwa miezi michache: Sheria ya Kulinda Taarifa na Siri za Watu ilitiwa sahihi na Rais mwezi wa Februari 2019, kanuni zake zikatoka mwaka 2021, na ofisi ya kuisimamia ikaundwa. Nyuma ya sheria hiyo iko Katiba ya 1995, ambayo katika kifungu cha 27 humlinda mtu nyumba yake, barua zake na mawasiliano yake. Wenye elimu miongoni mwenu hawahitaji kukumbushwa kuwa kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mtu kumetajwa katika Sura Nur, na katazo la kupelelezana katika Sura Hujurat. Jambo lenyewe si geni kwetu. Lililo geni ni kwamba sasa lina ofisi, fomu na faini.

Na ofisi ile haikulala. Mwezi wa Julai 2025 ilitoa uamuzi juu ya malalamiko ya raia wanne, ikasema kuwa Google, kampuni hiyo kubwa ijulikanayo duniani kote, ilikuwa ikikusanya taarifa za watu wa Uganda bila ya kujiandikisha kama sheria inavyotaka, ikaiamuru ijiandikishe katika siku 30. Raia wanne, wala si wizara, ndio waliolianzisha jambo hilo.

Walakini nitasema niliyonayo moyoni: ofisi hii imewekwa chini ya mamlaka ya serikali ya teknolojia, na serikali ndiyo mkusanyaji mkubwa kuliko wote. Alama za vidole vyetu wanazo tangu uandikishaji wa 2014, na tangu Mei 2025 katika kubadilisha vitambulisho huchukuliwa na picha ya mboni ya jicho. Ofisi iliyo chini ya paa moja na mkusanyaji itaona vigumu kumhoji. Kwa hiyo mimi nategemea mahakama zaidi, kama Wanubi wa Kibera walivyozitegemea. Na tusisahau wazee. Mwaka 2021 mashirika ya haki yalitoa ripoti iliyoonyesha kuwa wako wazee wa Uganda waliokosa posho ya uzeeni, na akina mama waliokosa matibabu, kwa ajili ya vitambulisho vilivyokosewa au visivyopatikana. Mzee aliyeshika jembe miaka sitini, vidole vyake vimefutika mistari. Mashine yamwambia hayumo. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani amlete kwa Katibu, twende naye ofisini watu watatu au wanne, asiende peke yake akarudishwa mlangoni.

Sasa nije katika daftari letu.

Sheria ya Uganda yataka kila mtu na kila taasisi yenye kukusanya taarifa za watu ijiandikishe, iombe idhini ya mwenye taarifa, imweleze kwa nini yazitaka, isichukue zaidi ya haja, isizikae nazo zaidi ya muda wa haja, na izilinde. Dini ya mtu, afya yake, mali yake na siasa yake zimewekwa katika fungu la pekee, ambalo asili yake ni katazo. Hapo mtashituka: basi Jumuiya ya Waislamu itaandikaje wanachama wake, hali kila jina katika daftari ni habari ya dini ya mtu? Sheria imetufungulia mlango. Chama kisichotafuta faida, kilichoundwa kwa ajili ya dini, charuhusiwa kuandika habari za wanachama wake na za watu wenye uhusiano nacho wa daima, maadamu hazitolewi kwa mtu wa nje bila ya idhini ya mwenyewe. Shikeni sharti hilo la mwisho, maana ndilo lililotushika shingoni. Daftari likikaa ofisini tuko ndani ya ruhusa. Likitiwa katika kundi la simu lenye watu tusiowajua, tumekwisha toka nje yake. Na mwenye kutoa taarifa za watu kinyume cha sheria aweza kutozwa faini ifikayo shilingi 4,900,000, au kifungo kifikacho miaka 10, au vyote viwili.

Wako watakaosema kuwa sheria hii imekusudiwa makampuni, na kwamba hapana askari atakayekuja kukagua simu ya karani wa msikiti. Pengine. Lakini mama yule aliyekuja ofisini mwezi wa Ramadhani kuomba unga, akaandikwa, kisha jioni jina lake likasomwa na mkwewe katika simu, hakuingojea polisi. Mwaka uliofuata hakuja. Na sisi tukasema, alhamdulillahi, hali yake imekuwa njema.

Hapo ndipo penye jambo la picha, nami nitalisema wazi hata kama baadhi ya wafadhili hawatapendezwa. Umekuwa mtindo kumpanga mjane na mfuko wake wa mchele, mtoaji kulia, mpokeaji kushoto, na bendera ya chama nyuma, kisha picha ikatumwa kote. Mfadhili aliye mbali ana haki ya kujua kuwa mali yake imefika. Basi na apelekewe hesabu, iliyotiwa sahihi na Mweka Hazina na mashahidi wawili, idadi ya mifuko na idadi ya nyumba. Akitaka picha, apelekewe picha ya mifuko. Uso wa mwenye shida hauhitajiki katika hesabu.

Watoto wa madrasa ni vivyo hivyo, na hapa sheria ni kali zaidi: taarifa za mtoto hazichukuliwi bila idhini ya mzazi au mlezi wake. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi ya Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi. Shule hiyo haikukusudia ubaya. Ilikuwa ikijitangaza, kama nasi tunavyofanya kila Maulidi. Na hapa Uganda, mwaka 2022, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, na ndani yake mlikuwa na katazo la kusambaza habari za mtoto bila idhini ya mzazi. Marekebisho yale yalipelekwa mbele ya Mahakama ya Katiba kwa vifungu vyake vingine, vilivyoonekana kubana uhuru wa watu kusema, na mimi naona walalamikaji walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini juu ya watoto sioni mzazi ambaye angelalamika.

Jambo moja zaidi, jipya kuliko yote. Hii iitwayo akili bandia sasa yaweza kuigiza sauti ya mtu, ikiwa imepewa sauti yake ya muda mfupi tu. Masheikh wetu, darasa zenu zimejaa katika intaneti; sauti zenu zinapatikana kwa kila atakaye. Jumlisheni sasa: mtu ana sauti ya Sheikh, na ana orodha ya wanachama yenye majina na namba za simu, na anajua nani amefiwa wiki hii kwa kuwa tangazo la maziko limo katika kundi. Atampigia mfiwa kwa sauti ya Sheikh, amwambie apeleke fedha za sanda kwa namba fulani. Hapana sheria itakayozirudisha fedha zile upesi. Tufanye desturi, kuanzia leo, kuwa fedha za maziko haziombwi kwa simu hata kidogo. Hukusanywa na watu wawili wanaojulikana, uso kwa uso, na kuandikwa.

Kamati imekwisha kukubali, na Mwenyekiti ameniruhusu nitangaze, kuwa karani atafuta orodha ile katika kundi, na kila aliye nayo katika simu yake aombwa kwa hisani aifute pia. Daftari la wanachama litakuwa katika kompyuta moja, yenye neno la siri lijulikanalo na watu wawili, kama zamani zile funguo mbili. Daftari la misaada litatengwa nalo kabisa, na litarudi katika karatasi, wazee mtafurahi. Vijana wetu wawili waliosoma sheria wamejitolea kwenda katika ofisi ya Kampala kuuliza namna ya kuiandikisha Jumuiya na gharama yake, nao watatuletea jibu katika mkutano wa mwezi ujao.

Na kuanzia Jumamosi ijayo, baada ya sala ya alasiri, karani atakuwa mezani kwake na daftari. Kila mwanachama aje asome ukurasa wake mwenyewe, wala asisome wa jirani. Penye kosa aseme lisahihishwe. Asilolitaka liandikwe, aseme lifutwe. Kisha atie sahihi au dole gumba kuwa ameridhika. Akina mama wataandikiwa upande wao, na Katibu wa wanawake. Wazee wasioweza kuja, watoto wao waje wachukue karatasi wawapelekee nyumbani, na waisome mbele yao kwa sauti kabla hawajatia sahihi.

Wabillahi taufiki. Wasalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.